Samaki Wadogo Niliowaacha Nje ya Daftari

Admin, nifichie jina langu na jina la mwalo wetu, hapa mitumbwi inapotia nanga, maana huku tunajuana hadi kwa mlio wa injini ya mtumbwi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto watatu, tunaishi kando ya ziwa upande wa Busisi. Nina jambo limenikaa rohoni, siku hizi hata ugali naupika unaungua nikiwa nimesimama pale pale.

Miaka mitatu iliyopita, wakati bado nakaanga samaki kuwauzia abiria wa kivuko, walikuja watafiti wa mambo ya uvuvi. Kiongozi wao ni mama wa makamo, sisi tunamwita Daktari. Walitaka mtu mmoja kila mwalo, anayejua kusoma na kuandika, awe anapima samaki mitumbwi inaporudi asubuhi na kuwaandika kwenye daftari. Daktari alieleza mkutanoni kwamba wakijua samaki wanazalia wapi, sehemu hiyo itafungwa isivuliwe miezi kadhaa kila mwaka, na mwalo husika utasaidiwa wakati wa kusubiri. Nikachaguliwa mimi. Jamani, nilifurahi! Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kushika kalamu kwa kazi ya maana.

Tatizo lilianzia nyumbani. Kaka mkubwa wa mume wangu, nimwite Masalu, ana mitumbwi miwili na mume wangu anavua naye. Huyu ndiye aliyetupokea nyumba yetu ilipobomoka kwa mvua, tukakaa kwake mwaka mzima bila kusikia neno baya. Wiki ya pili tu ya kazi akaniletea ndoo imejaa sato wadogo, hawazidi kiganja. Nyavu zake ni zile za macho madogo zilizokatazwa. Nilipofungua daftari akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Shemeji, hawa usiwaandike. Andika wakubwa peke yao."

"Lakini shemeji, Daktari alisema wote."

"Daktari anaishi mjini. Ghuba yetu ikifungwa, watoto wako watakula hilo daftari?"

Sikuandika. Kesho yake wakaja wengine wawili, "kama ulivyomfanyia Masalu." Ikawa ndiyo kawaida, miezi minane nikiandika wakubwa na kuwapita wadogo. Nilijiambia nawasaidia watu wangu.

Majibu yalipotoka, kwa kuwa wadogo hawakuwemo daftarini, ghuba yetu ikaonekana haina mazalia ya maana. Ikachaguliwa ya mwalo wa jirani, ambako mwenzangu aliandika kila alichokiona. Wao walilia, sisi tukapiga vigelegele. Mama mkwe alinikumbatia mbele za watu.

Sasa sikieni. Wale jirani wakati wa kusubiri walijengewa chanja za kukaushia dagaa, wanawake wakafundishwa kufungasha vizuri, wakapata wateja Mwanza mjini. Ghuba yao ilipofunguliwa walitoa sato wakubwa ambao sisi tumesahau sura zao. Kwetu nyavu zinarudi na magugu. Daraja jipya la kuvuka ziwa nalo lilipoanza kazi, abiria wa kivuko wakaisha na biashara yangu ya kukaanga ikafa. Wanaume wakaanza kwenda mbali, ziwani kabisa. Miezi miwili iliyopita upepo ulipindua mtumbwi aliokuwemo mume wangu. Alishikilia dumu tupu tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama, ndipo wavuvi wengine wakamwokota. Alirudi bila sauti, midomo imepasuka. Nilikuwa namkanda mgongo huku najua kilichompeleka kule.

Wiki tatu zilizopita Daktari akaja kuzungumza na kijiji kuhusu kupima ghuba yetu upya. Hata hakumaliza salamu. Masalu, Masalu yule yule, akasimama: "Mlipendelea wenzetu! Mliwapa chanja, sisi mkatuacha tufe maji!" Watu wakapandwa na hasira. Mmoja akamwita mwizi, mwingine akamwaga maji ya samaki miguuni mwake. Nilikuwa mstari wa pili. Nilitazama chini.

Alipokuwa anaelekea kwenye gari nikamfuata.

"Shikamoo Daktari. Pole sana."

"Marahaba, Mama Neema." Neema si jina la kweli la mwanangu. Alikuwa anajifuta viatu na majani. "Nimepitia hesabu zangu kila siku, sioni nilipokosea. Wewe ulikuwepo hapa. Nilikosea wapi?"

Nikamwambia sijui. Sijui! Mama wa watu anajilaumu kwa kosa langu, na mimi namwambia sijui.

Jumapili iliyopita nilishindwa, nikamweleza mume wangu kila kitu. Hakunipiga, hakunitukana. Alitoka nje, kisha akarudi akasema, "Sema ukweli ukitaka. Ila kaka usimtaje. Akikamatwa kwa zile nyavu, mama atakufa kwa presha, na mimi sitakuwa na wa kuvua naye."

Daktari anarudi wiki ijayo, mara hii na viongozi wa kata, na wengine wameapa kumfukuza kabisa asikanyage tena. Akifukuzwa, ghuba yetu haitapimwa upya, na mume wangu ameshaanza kuuliza lini injini iliyoingia maji siku ile itapona warudi kule mbali. Nikisema nilificha peke yangu, watauliza kwa faida ya nani, maana mimi sina hata ndoana. Nikitaja waliokuja na ndoo zao, nimewauza watu walionipa paa nikiwa sina. Na nikinyamaza, nitakaa tena mstari wa pili nikimtazama yule mama akitukanwa.

Ndugu zangu, mnaoweza kunisema nisemeni, nimestahili. Lakini kabla hamjamaliza niambieni: siku hiyo nikinyoosha mkono, niseme lipi?