Mazishi ya Nkende

Nilipokuwa mtoto kule Ntobeye, bibi yangu mzaa baba aliniambia kwamba tumbili ni ndugu zetu, nami nikakubali kwa urahisi uleule niliokubali kwamba Bikira Maria ni mama yetu. Sikuona kwa nini jambo moja lizuie lingine. Bibi mwenyewe hakuona. Alivaa rozari shingoni, akashika mziro wa ukoo, na maisha yakaendelea.

Mziro, kwa asiyetujua, ni mnyama ambaye ukoo haumli, haumuui wala haumcheki. Wetu ni nkende, yaani tumbili. Ukimla, alisema bibi, ngozi itatoka mabaka na meno yatang'oka. Watoto wenzangu walifurahia sana kuwa na mtu wa ukoo huo karibu. Tumbili wakivamia mahindi waliniita: "Skola, njoo uwaambie shangazi zako washuke." Nami niliwajibu kwamba shangazi zangu hawasikii Kiswahili.

Mwaka niliokuwa najiandaa kwa kipaimara, jirani alimuua tumbili kwa jiwe shambani kwake, akamtupa njiani upande wetu. Bibi alimkuta asubuhi. Alirudi nyumbani, akachukua jembe na kipande cha kitenge chake cha zamani.

"Nani anakuja?" akauliza.

Baba akaangalia viatu vyake. Mama akasema ana maharage jikoni. Nikaenda mimi, kwa sababu hakuna aliyenikataza, na kwa sababu sikupenda kumwona bibi akienda peke yake.

Alipokuwa akichimba alinipa nimshike yule mnyama, siafu wasimfikie. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu namna ile. Mkono wake ulilala juu ya wangu. Ulikuwa na kucha bapa kama zangu, na mistari kiganjani, na kwenye ncha za vidole michirizi myembamba ya kuzunguka. Nilitafuta mahali ambapo mkono ule ulianza kuwa wa mnyama, sikupaona. Nikaogopa, na hofu yenyewe haikuhusu mabaka.

Bibi akamfunika, akasali Salamu Maria, kisha akamwambia: "Pumzika. Wakikuuliza huko, sema ulizikwa."

Habari zilimfikia katekista kabla hatujanawa mikono. Jumamosi kwenye mafundisho akanisimamisha.

"Skolastika. Ni kweli mmezika tumbili?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na bibi yako akasali?"

"Salamu Maria, Mwalimu."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema nitamke mbele ya wote kwamba tumbili ni mnyama tu na kwamba bibi alifanya upagani. Nikitamka, nitapokea kipaimara na wenzangu Askofu akija. Nisipotamka, nitasubiri. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa.

"Ana kucha kama zangu," nikasema.

"Sijauliza kucha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kaa chini. Utasubiri."

Niseme hapa kwamba katekista huyo alitoka ukoo wenye mziro wa mbawala, na kwamba kwenye harusi moja pale kijijini, nyama ya mbawala ilipopitishwa, alisema tumbo linamsumbua. Wote tulilijua tumbo hilo. Hakuna aliyelitaja.

Siku ya Askofu nilikaa benchi la nyuma na sare ya shule. Wenzangu waliitwa kwa majina wakapakwa mafuta. Bibi alikuwa mbele na akina mama wa rika lake. Ulipofika wakati wa komunyo wote walijipanga. Yeye akatoka kwenye foleni, akapita pembeni mpaka nyuma, akakaa nami. Nakumbuka tu alivyohangaika kutafutia magoti yake nafasi.

Kipaimara nilikuja kukipokea nikiwa shule ya bweni, ambako hakuna aliyeuliza habari za tumbili. Bibi alikuwa ameshafariki. Chuo kikuu nikasoma biolojia. Mhadhiri alipotuonyesha mifupa ya mkono wa sokwe, wa tumbili na wa mtu, akaeleza kwamba hatukutoka kwa tumbili bali sisi na yeye tuna babu mmoja wa zamani mno, wenzangu wa kikundi cha sala waliinamisha vichwa kama watu wanaosubiri mvua ipite. Mimi nilimuwaza bibi. Makosa yake yalikuwa mawili: lile la meno, na kudhani kwamba ndugu wa tumbili ni ukoo wetu peke yake.

Maandiko yanasema udongo. Hayasemi mkono uliofinyanga ulichukua muda gani, wala ulifinyanga nini kabla yetu. Na siamini kwamba Mungu anahitaji nidanganye ili aendelee kuwa Mungu. Hilo kwangu lilishakwisha. Lisilokwisha ni watu. Niliosoma nao huniuliza, kwa upole unaokera, nawezaje kwenda misa. Ninaosali nao huuliza nawezaje kufundisha mambo yale. Pande zote mbili wananihurumia.

Sasa nafundisha sekondari huku Nyamigogo. Kidato cha nne wanasoma mageuko ya viumbe kama watu wanaomeza dawa ya minyoo. Juzijuzi binti mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Madam, wewe unasali?"

"Nasali. Misa ya kwanza."

"Na haya uliyotufundisha, ukifika kanisani unayaacha wapi?"

"Naingia nayo."

Akanitazama. "Hawakufukuzi?"

"Hapana. Wananiuliza tu."

Akafunga begi lake taratibu. "Mimi nitayajibu tu kwa ajili ya mtihani, Madam."

"Jibu vizuri basi," nikamwambia.

Sikumlaumu. Alikuwa na umri wa kutaka kuwa na wenzake, na mimi najua bei ya kukaa nje. Sitaiita hali yangu msalaba. Misalaba ni mizito zaidi. Ni kama kuwa na ndugu wa nyumba mbili wasioalikana. Unakula huku, unakula kule, kote unashiba, ila njiani katikati uko peke yako. Njia yenyewe naijua vizuri. Ningependa tu, siku moja, nipishane na mtu.