Jina Lililokuwa kwenye Orodha

Mtunza seva wa ofisi hii ya Bengaluru hajawahi kuziona mashine zake. Huziandika tu kwenye faili, na kampuni tatu za mbali huwasha zilizotajwa na kuzima zisizotajwa. Kila mfanyakazi ana seva yenye jina lake. Kabla ya kuandika "ndiyo" ya kuthibitisha, huisoma orodha ya zitakazowashwa na zitakazozimwa kwa kunong'ona, kidole chenye unga mwekundu wa ibada kikigusa kioo cha kompyuta. Leo alikwama.

"Vipi, dada?" aliuliza Nagaveni wa meza ya pili.

"Nisomee wewe."

"Kuwasha: Raghunandan. Loo! Si tuliuchoma mwili wake kwenye mazishi mwezi uliopita? Nani kamwandika?"

"Sijui. Endelea."

"Kuzima..." Nagaveni akalikuta jina la mtunza seva mwenyewe.

Mtunza seva alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, "ndiyo" ilipoanza kujiandika yenyewe kwenye kioo.