Mgongo wa Bi Mwanakheir

Bi Mwanakheir wa Mchangani, upande wa Ng'ambo, alikuwa muosha maiti. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, na kwa miaka mingi alivuka Darajani kwenda Mji Mkongwe, buibui limeroa jasho, mkononi ana kifurushi cha karafuu maiti na majani ya mkunazi. Aliwaosha wanawake waliokufa katika vibanda vya Ng'ambo, na aliwaosha waliokufa katika nyumba za ghorofa. Mabibi wa nyumba hizo, walipokuwa hai, waliitikia shikamoo yake huku wakitazama pengine. Wakifa, yeye ndiye aliyewafunga kidevu.

Mama yake alikuwa Mnyasa, aliyeletwa Unguja akiwa mtoto na kutiwa katika shamba la mikarafuu huko Mwera. Utumwa ulipoondolewa hakuwa na njia ya kurudi kwao, akabaki. Bintiye alipoanza kung'oka meno ya utoto, alimchanja chale mgongoni, chini ya bega la kulia: mistari inayokutana kwa chini, mfano wa unyayo wa kuku. Alimwambia kwamba hiyo ni alama ya watu wao, na kwamba akipotea atajulikana ni wa nani.

Katika kazi yake Bi Mwanakheir alikuwa na mwenzake mmoja, Bi Mwatum, aliyekuwa akimwaga maji. Dini inamtaka muosha asitiri alichokiona kwenye mwili wa maiti, na wawili hawa walikuwa na desturi yao. Kila walipotoka katika nyumba ya msiba, kabla ya kufika barabarani, Bi Mwanakheir alimuuliza mwenzake ameona nini. Bi Mwatum alijibu kwamba hakuona kitu. Hapo ndipo walipoanza kuzungumza mengine.

Mwaka 1953 waliitwa katika nyumba moja ya Mji Mkongwe. Nyumba hiyo haitatajwa hapa, wala marehemu hatapewa jina. Alikuwa bibi mzee, mama wa mwenye nyumba, na jamaa zake walisema aliletwa kutoka Maskati akiwa bibi harusi. Miaka ya nyuma Bi Mwanakheir aliwahi kuosha maiti mwingine katika nyumba hiyohiyo. Siku ile maji yalimrowesha, akabadilisha kanga mbele ya wanawake wa nyumbani, na mgongo wake ukaonekana. Wasichana walichekeana. Bibi mzee hakucheka. Alimtazama mpaka alipomaliza kujifunga, kisha akaamuru aletewe kahawa.

Sasa bibi huyo alikuwa ameacha wasia: aoshwe na yule Mnyasa wa Ng'ambo, na asiingie yeyote katika jamaa zake. Wakweze walinuna, lakini wasia ni wasia. Mlango ulifungwa. Walipomgeuza maiti kwa ubavu ili maji yapite mgongoni, Bi Mwatum alisita, kata ikiwa mkononi. Chini ya bega la kulia palikuwa na unyayo wa kuku, umefifia kwa uzee.

Bi Mwanakheir aliweka kiganja chake juu ya chale zile. Akasema, "Mwaga maji."

Walipotoka aliuliza swali lake, na jibu likawa lilelile.

Bi Mwanakheir alikuwa na mtoto mmoja, Miraji. Alisoma skuli pamoja na mjukuu wa bibi yule, wakawa marafiki. Mwezi wa Ramadhani alifuturu katika nyumba ile, na mwenye nyumba alimwita mwanangu. Dada wa rafiki yake alikuwa akikua humo ndani. Kwanza alikuwa mtoto wa kupitisha sinia mlangoni, baadaye akawa sauti tu nyuma ya pazia, na sauti hiyo ilipokohoa Miraji alipoteza neno alilokuwa akilisema. Alipohitimu ualimu mwaka 1955 alimwomba mama yake apeleke posa. Mama hakutaka. Alimwambia mwanawe kwamba ile ni nyumba ya kula futari, si ya kuoa. Miraji alisema dunia imebadilika.

Mwishowe mama alituma mshenga, Mzee Silima, jirani mwenye heshima zake. Alikwenda baada ya sala ya alasiri na kurudi kabla ya magharibi. Alikaa kwenye kiti, akavua kofia, akaivaa tena. Hakupamba jibu alilopewa.

"Wanasema kijana wanampenda, na pale ni kwao," alisema. "Lakini binti yao hawampi mtu asiye kufu yake, asiyelingana naye kwa ukoo. Bibi yake ametoka Maskati. Na mama yake Miraji, wanasema, ana chale mgongoni, nyumba nzima imeziona."

Bi Mwanakheir alimshukuru, akamtilia chai. Mzee alipoondoka, Miraji alisimama mbele ya mama yake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo pia hakupaza.

"Chale ziko mgongoni kwako, mama," alisema, "lakini mwenye kuzibeba ni mie."

Mama yake alikuwa akifunua chungu. Alimwambia ale, chakula kinapoa.

Kesho yake asubuhi alimpitia Bi Mwatum, wakavuka Darajani bila ya kuitwa na mtu. Njiani Bi Mwatum alimshikilia aseme. Neno moja tu, na ukufu wa watu wale ungeanguka kama ukuta uliolowa. Walifika mlangoni. Mama wa binti alitoka, akauliza kuna msiba wapi. Bi Mwanakheir aliomba maji ya kunywa. Aliletewa kopo la bati, akanywa, akarudisha kopo, wakaondoka.

"Mwanao huyo anapotea, Mwanakheir, nawe una dawa yake mdomoni," alisema Bi Mwatum.

"Yule bibi aliniita mie kwa sababu alijua sitosema."

"Kashakufa yule. Mwanao yu hai."

Bi Mwanakheir alishika njia ya Darajani. Bi Mwatum alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona akitembea polepole kama siku hiyo.

Binti aliozwa kwa binamu yake mwaka uliofuata. Miraji aliomba uhamisho, akapelekwa kufundisha Paje. Ilikuwa miaka ya siasa, na swali la kabila lilitangulia salamu. Watu wa Paje walipomuuliza, alisema yeye ni Mshirazi, mwenyeji wa visiwani. Kitabu cha historia alichofundishia kiliwataja watu wa bibi yake mzaa mama kwa sentensi moja, baada ya karafuu na kabla ya nazi: kwamba waliletwa kutoka bara kwa kazi za mashamba. Miraji aliisoma sentensi hiyo mbele ya watoto kwa sauti ileile aliyosomea nyingine, akafungua ukurasa uliofuata.

Siku moja mama yake alimfuata huko kwa lori, na kapu la mikate ya kumimina. Sheha, mkuu wa kijiji, alikuwepo barazani. Miraji alisimama, akampokea kapu, akamwambia sheha kwamba huyu ni Bi Mwanakheir wa mjini, ndiye aliyemlea.

Bi Mwanakheir alimwamkia sheha. Alikaa, akauliza habari za mihogo na mvua, akarudi na lori lilelile. Bi Mwatum alipomuuliza habari za mtoto, alisema ni mzima, ana nyumba nzuri, na watu wa Paje wanamheshimu.

Bi Mwanakheir alifariki mwaka 1959, kwa homa. Wakati huo watu wa vyama mbalimbali walikuwa wakisusiana mazishi, lakini yeye alizikwa na wengi, na hata nyumba ile ya Mji Mkongwe ilipeleka ubani na sanda. Bi Mwatum ndiye aliyemuosha. Miraji alifika kutoka Paje maiti akiwa tayari amekafiniwa, akabeba jeneza mpaka mwisho.

Baada ya hitima Bi Mwatum alimwita uani. Alikuwa akisuuza ile kata ya kuoshea. Alisema dhambi ya maneno haya ataibeba mwenyewe, kisha akamweleza alichokiona mgongoni kwa bibi wa Maskati, na kopo la maji lililonywewa mlangoni. Akamwambia kwamba akitaka kwenda kuwaambia wale watu, aende. Yeye atasimama shahidi.

Miraji alishika nguzo ya jiko. Aliuliza kama mama yake alikwisha kujua siku ile yeye alipomwambia kwamba mwenye kuzibeba chale ni yeye.

"Alijua," alisema Bi Mwatum. "Kakwambia nini?"

"Kanambia nile."

Ndani, wanawake walikuwa wakikusanya masahani. Bi Mwatum aliinamisha kata, maji yakamwagika yote, akaifuta kwa pindo la kanga. Kisha akamuuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiulizwa yeye, "Mwanangu, umesikia nini?"

Miraji aliipokea kata, akaitundika ukutani.

"Sikusikia kitu," alisema.