Ntumba za Mama Kule Mahameni

Mama hakumpenda mtu yeyote aliyeshuka kwenye gari la serikali. Gari la namna hiyo ndilo lililotubeba na vyombo vyetu, wakati wa operesheni ya vijiji, kutoka chini ya ukingo wa bonde upande wa Kaoze hadi kijiji kipya cha kando ya barabara. Kule nyuma lilibaki shamba, na kaburi la baba. Kurudi kulikatazwa.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kumbebea mawe mtaalamu wa miamba, Mlokole mmoja kutoka Mbeya, mama alininunia siku tatu. Alilegea aliposikia tunapima wapi: kwenye mahame yetu.

Mtaalamu alikuwa mpole, ila akianza kueleza hanyamazi. Jioni moja, amekaa kwenye kigoda chetu, alimweleza mama jinsi urani, madini aliyokuwa akiyatafuta, inavyojikusanya. Mvua inanyesha huku juu Ufipa, maji yanazama kwenye miamba na kuchukua urani kidogo kidogo, kisha yanashuka nayo yakipenya mawe ya mchanga ya bondeni. Maadamu maji yana hewa, urani inasafiri imeyeyuka humo. Yakikuta majani na magogo ya kale yaliyofukiwa yakaoza, ule uozo unaila hewa yote. Hapo urani inashindwa kuendelea, inagandia mchangani, na maji yanapita bila mzigo.

Mimi nilikuwa nikitafsiri kwa Kifipa. Mama akaitikia papo hapo, "Kumbe ni ntumba!"

Alikuwa amepatia. Ntumba ni vile vilima vyetu vya kulimia: unageuza nyasi chini, udongo juu, zinaoza humo na kushika rutuba. Mtaalamu alicheka, akasema mama alistahili kwenda chuo. Lakini sehemu moja niliiruka, kwa uvivu tu, nilikuwa na njaa: kwamba kazi hiyo huchukua maelfu na maelfu ya miaka.

Baada ya wiki chache alifunga kazi. Kifaa chake cha kupimia urani kililia kidogo karibu na kaburi la baba, kikanyamaza.

"Maji yamepita tu," alimwambia mama akiaga. "Hapakuwa na uozo wa kutosha kuikamata."

Akaondoka kwenda Namanyere. Mama akaniuliza, "Na kama wangeipata nyingi?"

"Wangefungua machimbo. Watu wangeruhusiwa kurudi kule," nikajibu, nikiwa navua viatu.

Mvua zilipokaribia kwisha, wakati udongo bado laini, mama alitoweka. Nilimkuta siku ya pili kule mahameni. Alikuwa amepanga ntumba kutoka kwenye chemchemi hadi kaburini, safu kwa safu, nyasi zote zimefukiwa vizuri. Viganja vilikuwa vimepasuka na alikuwa akikohoa. Nilimkasirikia kwanza, halafu nikaelewa, nikaona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

"Mvua ngapi, mwanangu, ndipo mtaalamu arudi kupima?"

Ningeweza kumwambia ukweli.

"Mbili, mama."

Alifurahi. Akaniomba nimsaidie kumalizia safu ya mwisho, nikamsaidia.

Aliiona mvua ya mwaka mmoja. Ya pili ilimkuta kaburini, kando ya barabara, kwa sababu kule kwa baba kurudi kulikatazwa.