Nzoka wa Kabula

Nikiwa darasa la nne kule Mwandoya, nyumbani kwetu minyoo haikuwa ugonjwa. Bibi, mama yake baba, alitufundisha kwamba kila mtu huzaliwa na nzoka wake, yaani nyoka wa tumboni, ndiye anayesaga chakula. Akisumbua unampoza kwa mizizi ya kuchemsha. Ukimuua, unakufa naye. Mpaka leo nikikumbuka nachemka, maana watu wazima wenye akili zao waliipokea habari hiyo bila hata kuguna.

Mdogo wangu Kabula alikuwa darasa la kwanza. Tumbo limemtoka, miguu imekonda, anabandua udongo wa ukutani anakula. Asubuhi moja alikohoa, akatoa mdomoni mnyoo mrefu, mweupe, unajinyonganyonga. Mama alipiga kelele. Bibi akaufukia nyuma ya zizi, akasema nzoka ana njaa, mtoto apewe uji.

Ikatangazwa siku ya dawa za minyoo shuleni. Bibi akamficha Kabula ndani.

"Wewe nenda, nzoka wako mpole," aliniambia. "Huyu ana hasira. Wakimmezesha kidonge atampanda moyoni. Mwalimu akiuliza, sema kaenda Lalago kwa shangazi yenu."

Baba alikuwa hapo hapo anafunga plau. Alisikia kila neno, na hakuinua hata kichwa. Baba mzima!

Nikaenda, nikameza changu. Mwalimu akauliza, nikamjibu, "Yuko Lalago, mwalimu." Hakuuliza tena.

Tulipokuwa tunachuma pamba, tumbo la Kabula likawa gumu, akaanza kutapika kijani. Baba akampakia kwenye pikipiki ya jirani, mama nyuma yake, mpaka hospitali. Akapasuliwa. Minyoo ilikuwa imejisokota kama kamba, imeziba utumbo. Daktari alimwambia mama kwamba wangechelewa kidogo wangebeba maiti.

Kesho yake nilikwenda na bibi kumwona. Muuguzi akamgeukia bibi kwa ukali. "Mayu, mama yangu, dawa tunaleta shuleni, tena bure. Watoto mnawaficha kwa nini?"

"Mnawapa watoto," bibi alisema. "Mimi tumbo hili linaniuma tangu sijaolewa. Nani kwenu amewahi kuja kuniambia ni nini?"

Na hilo nalo linaniudhi: walikuja na makopo ya vidonge, wakawapita wazee waliokuwa na amri ya mwisho nyumbani, kisha wakawacheka kwa kutojua.

Juzi hapa Bariadi, mama mmoja mwenye simu ya bei mbaya aliniambia dawa ya minyoo inaamsha mchango, yaani nzoka yule yule wa bibi. Jamani! Nilimfokea pale pale sokoni, watu wakageuka.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mdogo wangu. Kabula ana watoto watatu sasa, na kovu lake refu tumboni anamlaumu bibi kwalo, marehemu asiyeweza kujitetea. Hajui kwamba mwalimu aliniuliza mimi. Ule mnyoo niliuona kwa macho yangu, na darasani nilikuwa nimeshafundishwa ni mdudu gani na unatibiwaje. Bibi hakujua. Mimi nilijua, nikasema yuko Lalago.