Chizi ya Ndimu ya Mamdogo Hamisa

Hapana Shaweji, hapo umekosea, na usinicheke. Unasema mkate wa moto wa nyama na chizi umeingia Lindi juzi, pamoja na vijana wanaopiga picha chakula kabla hawajala. Mimi nimeula hapa hapa Lindi, mtaani Rasbura, nikiwa na miaka tisa, uani kwetu, umetengenezwa na mama yangu mdogo Hamisa kwa mikono yake. Harufu yake naijua mpaka leo: nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu na tangawizi na kitunguu saumu, mkate ulioungua kidogo pembeni, na juu ya hayo yote uchachu wa mabibo, maana ulikuwa msimu wa korosho na kila nyumba ilikuwa na beseni la mabibo mlangoni. Nisikilize kwanza, halafu ubishe.

Mamdogo alikuwa amerudi kutoka upande wa Kilwa, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, alikokaa miaka miwili akipika. Barabara ilipoisha kambi ikavunjwa, akarudi na sanduku moja na habari nyingi za vyakula. Ya mkate ndiyo iliyotutoa akili sisi watoto. Alisema kuna kitu cha njano kinawekwa juu ya nyama, kikipata moto kinalainika, na ukiuma ukavuta kichwa nyuma kinakufuata kama uzi. Nilimuuliza mpaka akachoka. Ni yai? Si yai. Ni siagi? Si siagi. Ni maziwa, akasema, na hapo nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu maziwa nilikuwa nayajua na sijawahi kuyaona yakivutika. Asubuhi nzima nilikaa na kikombe cha chai ya maziwa, nachovya kijiko, nakipandisha polepole, naangalia kama uzi utatoka.

Shida ilikuwa jirani yetu, Bi Somoe. Shughuli yoyote mtaani, iwe harusi au arobaini, upawa alishika yeye, na hakuna aliyesogelea sufuria bila ruhusa yake. Wengine wote kazi yenu kumenya vitunguu. Mamdogo alitaka kupika, hicho tu. Bi Somoe akamsema bombani mbele ya kina mama: "Huyu kule kambini alikuwa anapiga deki. Mpishi gani anakuja na hadithi za maziwa yenye nyuzi?" Wakacheka wote. Mamdogo akatua ndoo yake.

"Bi Somoe, Ijumaa baada ya swala njoo kwetu ule."

"Nije nile nyuzi?"

"Uje ule mkate."

"Haya. Ukiniridhisha, harusi ya mwanangu upawa wa nyama unashika wewe. Usiponiridhisha, habari za kambi nisizisikie tena."

Wakati ule hatukujua duka lolote la Lindi lenye chizi. Kule kambini ililetwa na gari, imeshakatwa vipande, kwa hiyo hata Mamdogo mwenyewe hakuwahi kuitengeneza. Alikuwa na ndimu na akili yake. Alhamisi alichemsha maziwa, akakamulia ndimu, nayo yakakatika mbele ya macho yangu, mabonge meupe yanaelea kwenye maji ya kijanikijani. Nilipiga kelele kwamba yameharibika. "Tulia," akasema, "ndivyo ninavyotaka." Akatia bizari ya manjano ili yapate rangi, akayafunga kwenye kitambaa cha kuchujia tui, akayakandamiza chini ya jiwe mpaka kesho yake. Lile jiwe nililinyanyua mara nne kuchungulia kama nyuzi zimeshaota.

Nyama aliichemsha kipande kizima, akaiacha ipoe kabisa ndipo akaikata. Ya moto inachanika, alisema, ya baridi inakubali kisu. Aliikata nyembamba kama karatasi, akaipitisha kwenye kikaango na vitunguu na pilipili manga. Akapasua boflo, akapaka samli, akapanga nyama, juu yake chizi, akazilaza kwenye sufuria kavu, akafunika na kupalia makaa juu na chini, kama tunavyooka mkate wa kumimina. Kambini walikuwa na oveni. Sisi tulikuwa na makaa, na sikuona tofauti.

Bi Somoe alikuja na wenzake wawili. "Shikamoo Bi Somoe." "Marahaba, haya, nyuzi ziko wapi?" Akakaa mkekani, akauma, akavuta kichwa nyuma. Hakikutoka kitu. Chizi ilikuwa pale pale, laini, ya moto, imeshika rangi kwa juu, imegoma kuvutika. Lakini nilikuwa namtazama mdomo, na mdomo haukusimama. Aliuma tena. Akamaliza, akalamba kidole, akachukua kipande cha pili bila kukaribishwa. Akamgeukia Mamdogo, akafungua mdomo kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamuwahi.

"Wangu umevutika! Umevutika mpaka huku!" Nikanyoosha mkono wote.

Bi Somoe akaniangalia. "Nionyeshe."

Nikauma, nikavuta. Hakuna kitu. Nikauma tena. Wale wenzake wakaziba midomo kwa kanga. Bi Somoe akarudisha kipande cha pili kwenye sinia, nusu kimeliwa. "Kumbe uongo wa kambini wanafundishwa mpaka watoto," akasema, akanawa, akaaga.

Mamdogo hakunipiga. Alikusanya sahani, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mwanangu, yule alikuwa ameshachukua cha pili." Harusi ilipofika akamenya vitunguu, mimi pembeni yake, na hajashika upawa mtaani kwetu mpaka leo.

Hakuna aliyenifundisha haya ninayokwambia sasa. Nimejifundisha kwa simu na kwa kuharibu maziwa mengi. Chizi ya ndimu haiyeyuki. Ipalie makaa mpaka sufuria liwe jekundu, haitavutika, ndivyo ilivyo. Ile ya nyuzi inagandishwa kwa dawa yake nyingine. Kwa hiyo Mamdogo hakusema uongo wala hakukosea kupika. Wiki iliyopita nimenunua chizi hapa hapa Lindi, iko kwenye friji za maduka siku hizi, nikapika vile vile, makaa juu na chini, nikampelekea. Akauma, akavuta, uzi ukamfuata mpaka kifuani, akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo hii." Akatafuna kidogo. "Imepooza lakini. Ile yangu ilikuwa na uchachu wake." Kweli kabisa, nami nimeona hivyo hivyo.

Nikafunga kipande kimoja kwenye karatasi nimpelekee Bi Somoe, sasa mzee, akaushike huo uzi kwa mkono wake. Mamdogo akanizuia mlangoni. "Muache. Siku ile ungenyamaza tu, ingetosha."

Najua. Miaka yote najua. Lakini mtu kaja uani kwenu kumpima mama yako mdogo kama ni muongo, na mkate wake uko mdomoni mwako, wa moto. Wewe ungenyamaza?