Mwaprikoti Uliovishwa Blanketi

Blanketi la sufu likilowa umande hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Kila nikiisikia harufu hiyo narudi uani kwetu Lewisham, London, nina miaka tisa, nimevaa sare ya shule na viatu vya mvua, navuta blanketi kutoka juu ya mti mdogo huku vidole vikiniuma kwa baridi.

Mti ule ulikuwa wa aprikoti, tunda dogo la manjano, ndugu wa yale mafyulisi aliyoyala Baba utotoni huko Lushoto. Muuzaji alimhakikishia kuwa ni wa aina inayostahimili baridi, naye akaupanda ubavuni mwa ukuta unaopata jua. Muuzaji alisema kweli, ila nusu. Mti wenyewe hata theluji haikuutisha. Tatizo lilikuwa maua, ambayo yalichanua mapema mno, mwezi wa tatu, matawi yakiwa bado hayana jani, na usiku mmoja wa kugandisha maji ulitosha kuyaua yote. Kwa hiyo jioni Baba aliufunika, na asubuhi mimi niliufunua ili nyuki wayafikie maua, maana bila wao hakuna tunda. Yeye alikuwa dereva wa basi, akitoka alfajiri na kurudi saa nane mchana.

Mwaka huo Bibi, mama yake Baba, alikuja kutoka Lushoto mwezi wa pili kwa viza ya miezi sita. Baba alitaka mama yake aonje tunda la mti alioupanda kwa mkono wake kabla hajaondoka. Aliliongelea jambo hilo mezani hadi tukaanza kumtania.

Bibi hakuipenda London, wala hakuichukia. Alikosa tu la kufanya. Nyumba ilikuwa na mashine ya kufua, mashine ya kuosha vyombo, na mkwe aliyemkataza hata kumenya kitunguu. Alikaa karibu na hita, amevaa sweta mbili juu ya gauni lake, akitazama uani.

Jumamosi moja, nilipokwisha kuufunua mti, nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alitoka polepole akaufunika upya. Alianza na khanga yake, akaifunga fundo vizuri, kisha blanketi juu, akalipigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nikatoka mbio.

"Bibi, it's not even cold!"

Bibi hakujua Kiingereza, lakini lalamiko alilitambua. "Baridi yote hii, mjukuu wangu, unamvua nguo mtoto mchanga? Hebu rudi ndani usije ukaugua."

Nikarudi ndani. Ningeweza kumwambia Baba, lakini kwetu mtoto hakumsemea mkubwa, sembuse Bibi. Niliendelea kufunua kila asubuhi, naye akaendelea kufunika nikishaenda shule.

Mwezi wa tano majani yalijaa, tunda hata moja halikuwepo. Baba aliuzunguka mti mara mbili, kisha akaja sebuleni tulipokuwa mimi na Bibi.

"Zawadi, ulikuwa unaufunua?"

"Ndiyo, Baba."

"Kila siku?"

Nilimtazama Bibi. Alikuwa akichambua mchele, kazi pekee aliyofanikiwa kumnyang'anya Mama. "Labda nyuki wa huku wavivu," alisema.

"Nyuki hawana kosa," Baba akasema. "Mtoto ndiye hakufanya kazi yake. Mwaka ujao uwe makini."

Nilikasirika vibaya sana. Bibi alipoondoka mwezi wa nane, njia nzima kutoka uwanja wa ndege sikumsemesha Baba. Mwaka uliofuata mti ulizaa hata tukawagawia majirani, lakini miguu ya Bibi ilikuwa imeshagoma kusafiri. Aliuliza kwenye simu tu: "Mliufunika?"

"Tuliufunika, mama," Baba alimjibu.

Bibi hayupo tena, na Baba amestaafu. Mwezi wa tatu uliopita, tukiufunika mti wetu, nikaona miaka imetosha. Nikamwambia kwamba mwaka ule aliyekuwa akiufunika mchana ni Bibi.

Baba aliendelea kubana blanketi kwa vibanio vya nguo. "Najua. Nilikuwa narudi kutoka kazini naukuta umefunikwa. Fundo lile la khanga la mama yangu ningelikosea? Wewe hata kamba za viatu ulikuwa hujui kufunga."

"Sasa kwa nini hukuufunua?"

"Alikuwa ananitazama dirishani, Zawadi. Amefurahi."

Kumbe kila mchana alikuwa akiliona lile tunda alilolitaka likipotea, akaingia ndani kunywa chai na mama yake. Na siku ile alinigombeza mimi, mbele ya Bibi, ili Bibi asije akajishuku. Hasira niliyoibeba tangu utotoni iliniisha, nikaona aibu kuwa niliibeba.

Aprikoti zilipoiva nilimchumia Baba ya kwanza. Aliila taratibu, akatema kokwa kiganjani.

"Ina uchachu," alisema. "Bibi yako asingeipenda."